Bi Elizabeth Keckley: Fundi Aliyejikomboa kwa Sindano



Kila inapokaribia sikukuu, nyumba kadhaa za jamaa zetu huku ugenini hugeuka viwanda. Cherehani huwekwa juu ya meza ya chakula, vitambaa vikatandazwa sebuleni, na mama wa nyumba, ambaye pengine mchana kutwa alikuwa kazini kwa watu, huketi akashona kanzu za watoto wa wenziwe na magauni ya shoga zake mpaka usiku wa manane. Malipo yake aghalabu hayajulikani. Huyu atatoa kidogo, yule atasema tutaonana, na wa tatu ataleta sahani ya vileja. Tumeona si vibaya, kabla ya msimu mwingine kuingia, tukamkumbuka mwanamke mmoja aliyeishi kwa sindano katika nchi ya Marekani, akafariki mwaka wa 1907, na ambaye habari zake zina mengi ya kuwahusu akina mama hao. Jina lake ni Elizabeth Keckley.

Wengi waliopata kumsikia humjua kwa jambo moja tu, kwamba alikuwa mshonaji wa mke wa Rais Abraham Lincoln. Filamu ya mwaka wa 2012 iitwayo Lincoln ilimwonyesha hivyo. Sisi tunaona kumtaja kwa namna hiyo ni kumpunguzia. Bi Elizabeth alikuwa fundi na mwenye biashara yake kabla hajauona mlango wa Ikulu, na alibaki kuwa fundi baada ya kutoka humo. Hata jina lake watu wameliandika wapendavyo: yeye mwenyewe alipotia sahihi aliandika Keckly, lakini kitabu chake kilipochapwa jina likatoka Keckley, na hivyo ndivyo lilivyoenea.

Alizaliwa mwezi wa Februari mwaka wa 1818 katika wilaya ya Dinwiddie, jimbo la Virginia, naye alikuwa mtumwa kwa kuwa mama yake alikuwa mtumwa. Mama huyo, Agnes, alikuwa mtumishi wa ndani na mshonaji wa nyumba ya Kanali Armistead Burwell, na alijua kusoma na kuandika, jambo lililokuwa adimu kwa watu wa hali yake. Sindano basi Bi Elizabeth aliipokea mikononi mwa mama yake. Mume wa mama, George Hobbs, alikuwa mtumwa wa bwana mwingine. Bwana huyo akaamua kuhamia magharibi, na mume na mke wakapewa muda mfupi tu wa kuagana. Hawakuonana tena katika uhai wao, zilibaki barua. Miaka mingi ilipopita ndipo mama alipomfunulia binti yake kwamba baba yake hasa ni Kanali mwenyewe. Hayo yalikuwa mambo ya kila siku katika nyumba za mabwana, wala hayakuwa yakisemwa mezani.

Alipokuwa na umri wa miaka 4 alipewa kazi ya kumbembeleza mtoto mchanga wa nyumba hiyo. Akakitikisa kitanda chake kwa bidii hata mtoto akaanguka sakafuni, na kwa kuwa hakujua afanyeje, akajaribu kumwokota kwa sepeto ya majivu. Kwa kosa hilo alichapwa, na hicho kilikuwa kipigo chake cha kwanza.

Vipigo vilivyofuata vilikuwa vibaya zaidi. Katika ujana wake alipelekwa kwa mtoto wa Kanali aliyekuwa kasisi, wakahamia Hillsborough, jimbo la North Carolina. Huko, akiwa na umri wa miaka 18, alipigwa mijeledi mara kwa mara si kwa kosa lolote, bali ili uvunjwe ule wanaouita ukaidi wake. Sisi tuliomaliza umri wetu darasani tunaona haya kuliandika, lakini ukweli ni ukweli: aliyeifanya kazi hiyo alikuwa mwalimu wa shule ya kijiji. Bi Elizabeth hakukubali. Alipambana naye kila mara, mpaka siku moja mwalimu akaangua kilio na kukiri kwamba kuendelea kumpiga ni dhambi. Baada ya hapo mzungu mmoja wa mahali hapo alimtesa na kumdhulumu heshima yake kwa muda wa miaka 4, na kwa dhuluma hiyo akazaa mtoto wake wa pekee. Akampa jina la George, jina la yule aliyemlea kwa barua.

Mwaka wa 1847 tunamkuta St. Louis, jimbo la Missouri, akiwa pamoja na mama yake na mwanawe katika nyumba ya Hugh Garland, mkwe wa Kanali Burwell. Garland alikuwa mwanasheria aliyehamia huko kutafuta maisha, na maisha hayakupatikana. Ilifika hali akawa hana fedha hata ya kukombolea barua yake iliyokuwa ikimngoja posta. Akakata shauri amtoe Agnes, mama mzee, akafanye kazi katika nyumba za watu ili ujira uje nyumbani. Bi Elizabeth hakustahimili. Akasema mama hatoki. Atatoka yeye, atatafuta mishono.

Akazunguka mjini, nyumba kwa nyumba, akiulizia kazi. Wa kwanza akampa nguo moja, ikapendeza. Wa pili akaambiwa na wa kwanza. Haukupita muda mrefu akawa na wateja katika nyumba zenye uwezo mkubwa wa St. Louis, na kwa muda wa miaka 2 na miezi 5 sindano yake ikawa inalisha watu 17, mabwana na watumwa pamoja. Msomaji na alitazame jambo hili vizuri. Garland huyo huyo alikuwa wakili wa upande wa mabwana katika kesi mashuhuri ya Dred Scott, mtumwa aliyekwenda mahakamani kudai uhuru wake. Asubuhi wakili hutoka kwenda kutetea ya kwamba mtumwa ni mali, na jioni hurudi kula mkate ulionunuliwa na mali hiyo.

Bi Elizabeth akamwomba Garland amtajie bei yake na ya mwanawe, apate kujinunua. Akakataliwa. Akaomba tena. Ndipo Garland akatoa mfukoni kipande cha fedha cha senti 25, akamwambia kama kweli anataka kuondoka na achukue, hiyo yatosha nauli ya kivuko cha kuvuka mto Mississippi. Ng'ambo ya mto lilikuwa jimbo la Illinois, ambalo halikuruhusu utumwa. Bi Elizabeth akairudisha ile fedha. Akamjibu kwamba njia ya kivuko anaijua, na kwamba kama angetaka kutoroka asingengoja kupewa nauli. Anachotaka ni uhuru wa halali, wenye hati. Garland hatimaye akataja bei ya dola 1,200 kwa wote wawili.

Kwa hesabu yetu, ukichukua ujira alioupata baadaye mjini Washington, dola 2 na nusu kwa siku, hizo ni siku 480 za kazi bila ya kula, bila ya kuvaa na bila ya kulipa kodi ya nyumba. Naye wakati huo alikuwa na vinywa 17 vya kulisha. Basi miaka ikapita, asiweze kuweka akiba. Akaolewa na James Keckley, aliyejitambulisha kuwa mtu huru; ikadhihirika ya kuwa ni mtumwa kama yeye, tena mlevi, akawa mzigo juu ya mizigo. Tusikawie hapo. Garland akafariki mwaka wa 1854, na bei ikabaki ile ile.

Akaamua kwenda New York kuomba msaada kwa watu waliochukia utumwa. Kwa kuwa alikuwa bado mali ya watu, alitakiwa kupata saini za waungwana 6 watakaolipa asiporudi. Watano walitia saini bila ya shida. Wa sita naye alikubali kutia saini, lakini alipomuuliza kama kweli anamwamini, akajibu kwamba anaamini nia yake ni njema, ila akishafika kaskazini watu watamshawishi na hatarudi. Karatasi ilikuwa karibu kukamilika. Angeweza kuipokea saini hiyo na kuondoka. Hakuondoka. Alisema hawezi kusafiri kwa saini ya mtu asiyemwamini. Akarudi nyumbani akalia.

Lakini kazi nzuri ilikuwa imekwisha kumtolea ushahidi. Mteja wake mmoja, Bibi Le Bourgeois, aliposikia habari hiyo alikuja mwenyewe, akasema ni aibu kwa mji mzima fundi kama huyu aende kuomba kwa wageni. Akapita kwa wateja wengine, zikakusanywa dola 1,200. Bi Elizabeth akazipokea kwa sharti moja: ziandikwe kuwa ni mkopo. Mwezi wa Novemba mwaka wa 1855 yeye na mwanawe wakapata hati zao za uhuru. Akabaki St. Louis miaka zaidi ya minne akishona, hata deni la wale mabibi likalipwa lote. Ndipo akaondoka, mwaka wa 1860, akiwa hana deni la mtu, na akiwa ameachana na mume.

Alishukia Baltimore, akajaribu kufungua darasa la kuwafundisha wasichana weusi njia yake ya kukata na kupima nguo. Wiki 6 zikapita, darasa halikusimama. Akaondoka na fedha isiyozidi nauli ya kufika Washington. Tunalitaja hili kwa kuwa watu hupenda kusimulia mafanikio tu, hali ya kuwa mwanamke huyu aliingia mji mkuu wa Marekani akiwa na umri wa miaka 42, mfuko mtupu, na hati moja ya uhuru.

Hati yenyewe haikutosha. Sheria ya mji ilimtaka mtu mweusi aliye huru apate kibali cha kukaa, pamoja na mtu wa kumshuhudia kuwa kweli ni huru. Wenzetu wengi, waliosimama foleni mbele ya maofisa wa uhamiaji wakiombwa karatasi ya kuthibitisha karatasi nyingine, watamwelewa bila ya kufafanuliwa. Naye alikombolewa na kazi yake tena: mteja alimfikisha kwa meya, kibali kikatolewa bila ya malipo.

Hapa yafaa kueleza kidogo juu ya ufundi wenyewe. Gauni la bibi mkubwa wa wakati ule lilikuwa na sehemu mbili, kifua na sketi. Sketi ilimeza kitambaa kingi, ikavaliwa juu ya matao yaliyoifanya isimame kama kengele. Kifua kilitakiwa kikae mwilini kama ngozi. Kwanza hukatwa bitana, ikashikizwa kwa bandi juu ya mwili wa mvaaji, ikabanwa hapa na kulegezwa pale, kisha ndipo hariri yenyewe ikakatwa kwa kufuata bitana hiyo. Mkasi ukikosea, hariri ya bei kubwa imekwenda na maji. Kushona mstari ulionyooka hujifunza kila mwenye subira, na cherehani zilikuwa zimekwisha kuingia madukani miaka ya 1850. Kukata ndiko kulikomtenga fundi na mshonaji, na Bi Elizabeth alikuwa fundi wa kukata. Magauni yake yalisifiwa kwa kukaa vizuri na kwa kutojazwa mapambo.

Kulikuwa na upande wa pili wa kazi hiyo ambao hautajwi sana, nao ni upande wa dukani. Fundi ndiye aliyeaminiwa kwenda kununua lasi, tepe na vifungo. Mwaka ule wa 1860 mke wa afisa mmoja wa jeshi alialikwa katika karamu ya mwana wa Malkia wa Uingereza aliyekuwa ziarani Marekani. Mumewe alimpa Bi Elizabeth dola 100 za kununulia mapambo ya gauni na akamwambia asibane matumizi. Mwenye duka, alipoona fundi huyu anatumwa na watu wa namna gani, alimkatia kamisheni ya dola 25. Hizo ni siku 10 za ujira kwa safari moja ya dukani! Tena gauni lile likatazamwa na kila bibi aliyekuwepo, na kesho yake kila mmoja akawa anauliza limeshonwa na nani.

Majira ya baridi ya mwaka huo alishona katika nyumba ya Seneta Jefferson Davis wa Mississippi. Mkesha wa Krismasi alikaa akimalizia joho la nyumbani ambalo mke wa Seneta alitaka kumtunukia mumewe, akapiga mshono wa mwisho usiku wa manane ukikaribia. (Akina mama zetu wa mkesha wa Idi, mwaonaje?) Humo humo alisikia wageni wakizungumza waziwazi juu ya majimbo ya kusini kujitenga na vita kuzuka. Mke wa Davis alimsihi afuatane nao kusini. Bi Elizabeth alilipima jambo hilo, akabaki Washington. Mwaka uliofuata Davis alikuwa Rais wa majimbo yaliyojitenga.

Ama namna alivyoingia Ikulu, ilikuwa kwa njia ya mteja mwingine mwenye haraka. Bibi huyo alitaka gauni Jumapili. Bi Elizabeth akamwambia hana nafasi. Bibi akaahidi kwamba likiwa tayari atamjulisha kwa mke wa Rais mpya. Likawa tayari. Tarehe 5 Machi 1861, siku moja baada ya Lincoln kuapishwa, alikwenda Ikulu, akakuta washonaji wengine nao wanangoja kuhojiwa. Mary Lincoln alimwambia kwamba wao ni watu waliotoka magharibi, si matajiri, na kwamba atampa kazi zote kama bei yake si kubwa. Bi Elizabeth alijibu kwamba bei zake ni za kiasi, na hakuzidisha neno. Gauni la kwanza lilikuwa la hariri ya rangi ya waridi. Siku ya kulivaa fundi alichelewa kulileta, na Bibi Lincoln akahamaki akasema hashuki kwenda kwa wageni. Lilipovaliwa hasira ikatulia, na Rais akalisifu. Mpaka mwanzoni mwa majira ya joto alikuwa amekwisha kumshonea magauni 15 au 16.

Wala hakuifunga biashara yake kwa mteja huyo mmoja. Aliendelea kupanga katika nyumba ya ukoo wa Lewis, mtaa wa 12, akawa na wasaidizi wa kumshonea, na wake wa mawaziri walikuwa miongoni mwa wateja wake. Hilo tunaliona ni busara kubwa. Mteja wa Ikulu hudumu kwa muda wa Ikulu.

Na hapo tuseme jambo la kushangaza. Mwaka wa 1864, uchaguzi ulipokuwa unakaribia, Mary Lincoln alimweleza fundi wake siri ambayo Rais alikuwa hajui: kwamba anadaiwa na wenye maduka kiasi cha dola 27,000. Mshahara wa Rais kwa mwaka mzima wakati huo ulikuwa dola 25,000. Aliyekuwa akisimama akivalishwa alikuwa na deni la kumzidi mumewe, na aliyekuwa amepiga magoti akimpindia upindo hakudaiwa hata senti.

Vita vilikuwa vimekwisha kumwingilia nyumbani. Mwanawe George, aliyekuwa akisoma Wilberforce, chuo cha watu weusi jimboni Ohio, alikuwa na ngozi nyeupe ya kutosha kuandikishwa jeshini kama mzungu, wakati ambapo watu weusi walikuwa hawapokelewi. Aliuawa katika vita vya Wilson's Creek, Missouri, tarehe 10 Agosti 1861. Miezi 6 baadaye, Februari 1862, alifariki Willie, mtoto wa Rais, na Bi Elizabeth alisaidia kumwosha na kumvika. Wanawake wawili waliofiwa na wana wao walikaribiana sana tangu hapo, kila mmoja kwa haja yake.

Majira ya joto ya mwaka huo huo, maelfu ya watu waliotoroka utumwa walikuwa wakimiminika Washington, wakilala kambini bila ya nguo wala dawa. Siku moja Bi Elizabeth aliona wazungu wakichanga fedha kwa ajili ya askari waliojeruhiwa, akawaza kwa nini weusi walio na kipato wasiwafanyie hivyo ndugu zao. Akalisema kanisani kwao. Baada ya wiki 2 chama kikawa na wanachama 40, naye akawa kiongozi wake. Alipofuatana na Bibi Lincoln safarini New York na Boston alichangisha huko pia. Bibi Lincoln akatoa dola 200, na Frederick Douglass, msemaji mkuu wa watu weusi wa zama hizo, akasaidia kwa mchango na kwa hotuba. Wale wanaosema mtu mwenye kazi nyingi hana wakati wa jumuiya wamtazame huyu.

Lincoln alipigwa risasi usiku wa tarehe 14 Aprili 1865, akafa asubuhi yake. Katika Washington nzima, mtu ambaye mjane alimtaka awe naye alikuwa fundi wake. Alikaa naye wiki kadhaa za eda yake ya giza, akamsindikiza hadi Chicago, kisha akarudi kufungua tena chumba chake cha kushonea.

Sasa tumefika mahali pazito. Mwaka wa 1867 Mary Lincoln, akilemewa na madeni, aliazimia kuuza nguo na vito vyake New York kwa siri, akijiita Bibi Clarke. Akamwandikia Bi Elizabeth aje amsaidie. Bi Elizabeth akafunga biashara, akaacha wateja na wasaidizi, akaenda. Hapakuwa na mkataba wala ujira uliotajwa. Palikuwa na ahadi. Hotelini walipofikia, fundi mweusi alinyimwa chakula cha usiku katika ukumbi wa kulia. Siri ikatoka, magazeti yakafanya karamu, watu wakaja kuzishika nguo na kuzicheka, wachache wakanunua. Mwisho wa yote, mawakala walimletea Bibi Lincoln hesabu ya kuwa yeye ndiye anayedaiwa dola 824. Alilipa, nguo zikarudi. Bi Elizabeth, aliyekaa New York miezi mingi akishona mishono ya kujikimu huku akishughulikia mambo ya mwenziwe, hakupata alichoahidiwa.

Mwaka wa 1868 akachapisha kitabu cha maisha yake, Behind the Scenes, akitaraji kumtetea Bibi Lincoln, kujitetea mwenyewe, na kupata chochote cha kumwinua. Mchapishaji akatia mwishoni barua za faragha alizoandikiwa na Bibi Lincoln. Inasimuliwa kwamba Bi Elizabeth alizikabidhi kwa mhariri bila ya kukusudia zitolewe zote. Kwetu sisi barua ya mtu ni amana, na hatutasema vinginevyo. Lakini katika jambo hili aliyevuna fedha hakutukanwa, na aliyetukanwa hakuvuna. Magazeti yalimfanyia dhihaka ya kumwita mtumishi asiyejua mahali pake, ikatungwa hata tamthili chafu ya kuigiza kitabu chake. Mary Lincoln akamkatia udugu. Na mabibi wa Washington, wakihofia siri zao, wakapungua mmoja mmoja.

Tumelisoma jambo hili mara nyingi, na kila mara tunarudi pale pale. Mwanamke huyu alipokuwa mtumwa alitaka bei itajwe. Alipopewa senti 25 za kukimbilia alizikataa. Alipoahidiwa saini isiyokuwa na imani hakuipokea. Alipopewa dola 1,200 aliandika deni na akalilipa. Mara moja tu katika maisha yake ya kazi alikwenda bila ya kuuliza atalipwa nini, na mara hiyo alikwenda kwa ajili ya mapenzi. Hatumlaumu kwa mapenzi. Twasema tu kwamba yule aliyependwa alikuwa na wajibu wa kukumbuka kuwa rafiki yake ni fundi, na fundi hula kwa siku. Shoga anayeleta kitambaa usiku wa kuamkia Idi na aliulize hilo nafsini mwake, kwa kuwa mshonaji mwenyewe ataona haya kulisema.

Aliendelea kushona, na akawafundisha kazi vijana wengi wa kike. Lile darasa lililokufa Baltimore likafufuka katika uzee wake: mwaka wa 1892, akiwa na miaka 74, Chuo cha Wilberforce kilimwita awe mkuu wa mafunzo ya ushonaji na kazi za nyumbani, na mwaka wa 1893 alitayarisha maonyesho ya kazi za chuo katika yale maonyesho makubwa ya dunia yaliyofanyika Chicago. Afya ilipomwacha alirejea Washington. Miaka ya mwisho aliishi katika nyumba ya kutunzia wanawake na watoto weusi wasiojiweza, nyumba ambayo chama chake cha wakati wa vita kilikuwa na mkono katika kuanzishwa kwake. Alikuwa akipokea pensheni ndogo ya serikali kwa ajili ya mwanawe aliyefia vitani. Alifariki tarehe 26 Mei 1907, akiwa na umri wa miaka 89.

Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Marekani, mjini Washington, yamehifadhi gauni moja la Mary Lincoln la mahameli ya zambarau: sketi moja na vifua viwili, cha mchana na cha usiku, na pindo nyembamba za satini nyeupe. Bibi alilivaa msimu wa baridi wa 1861 na 1862. Inaaminika kuwa ni kazi ya Bi Elizabeth. Twasema inaaminika, kwa sababu magauni ya wakati ule aghalabu hayakutiwa jina la aliyeyashona.

Alizikwa katika makaburi ya watu weusi mjini Washington. Mwaka wa 1960 ardhi ile ilitakiwa kwa ujenzi, na masalia ya maelfu ya waliozikwa humo yakahamishiwa Landover, Maryland, upande ambao jamaa zetu kadhaa waishio vitongoji vya Washington hupita kwenda kazini na madukani. Mawe ya makaburi hayakuhamishwa pamoja na maiti. Alilala hapo bila ya alama yoyote mpaka mwaka wa 2010, miaka 103 baada ya kifo chake, lilipowekwa jiwe lenye jina lake.